Mgonga Rimu wa Hombolo

Mwanangu Neema,

Nakusalimu kutoka Hombolo, kwenye vumbi na zabibu tamu. Leo nimemwona mzee Yohana, mkurugenzi wangu wa zamani. Nilimwamkia nje ya kanisa kwa sauti: "Shikamoo, Mheshimiwa Mkurugenzi!" Waumini wote wakageuka kumtafuta huyo mkubwa. Wao humwita Babu Kengele, maana kila Jumapili hugonga rimu ya gari inayoning'inia kwenye mwarobaini, kuwaita watu ibadani.

Nilimuuliza kama hakitamani tena kile cheo. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kule niliwaita watu kwa barua, wakaja wakitetemeka. Hapa nagonga chuma, wanakuja wakiimba. Nirudi kutafuta nini, bwana?"

Hapo nikakukumbuka wewe. Ulipokosa ukuu wa idara, ulikwenda kusali ukarudi umetulia, nami nikakukaripia kwamba huna bidii. Nisamehe, mwanangu. Utulivu ule nimeutafuta kazini miaka yote, sikuupata.

Mungu akulinde. Jumapili ijayo nipitie, twende kanisani pamoja. Safari hii sitakuuliza habari za kazi.

Baba yako