Buti Ulilonificha Siku Niliyotaka Kulaani

Mama Paskali, mke wangu,

Nakuandikia nikiwa jikoni kwako, nimekalia lile debe lako la unga lililobonyea upande mmoja. Usicheke. Kwa nini nimelikalia nitakueleza baadaye, maana nikianza na hilo nitakuwa nimeharakisha, na wewe unanijua mimi na haraka.

Leo nimeikumbuka ile asubuhi tulipokuwa tukiishi Getanuwas, enzi za mashamba ya ngano ya serikali. Nilikuwa dereva wa kombaini ya kuvunia, tena dereva mzuri, sijisifu. Kombaini niliiweza, kichwa changu ndicho kilichokosa breki.

Yule mtamba mwekundu tuliyepewa na baba yako siku mwanetu Paskali alipobatizwa alikuwa na siku mbili hajarudi zizini, naye ana mimba kubwa. Mtu mmoja akaniambia ameona nyayo zake zikielekea kwa Gidamis, yule jirani yetu mfugaji wa Kidatoga. Basi. Sikuuliza swali la pili. Hata kwenda kwa Gidamis kumuuliza sikwenda, na kwake palikuwa karibu kuliko kwa wazee wa ukoo niliowatumia salamu kwamba kesho yake, jua likichomoza, nitafika kuwaomba wamlaani mwizi.

Wewe na mimi tumekulia kijijini Tumati, laana ile tunaijua. Wazee hawamtaji mtu. Wanalitamka neno tu, nalo linakwenda lenyewe kumtafuta mwenye kosa, na watoto wake, na mifugo yake. Likishatoka, kulirudisha ni kazi ya miaka. Nami, Mungu anisamehe, Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimepiga magoti kwenye Meza ya Bwana.

Uliniambia jioni ile ile, "Baba Paskali, ukimlaani mtu usiyemjua, utajuaje kama si wa kwako?"

Nikakujibu kwamba wanawake mnaogopa tu. Naomba unisamehe kwa hilo nalo.

Asubuhi buti la kulia lipo, la kushoto halipo! Nikapindua kitanda. Nikamfukuza hata kuku aliyekuwa anaatamia. Wewe umekaa juu ya debe hili hili, umelifudikiza, unatikisa kibuyu cha maziwa polepole kama mtu asiye na shida yoyote duniani.

"Mama Paskali, buti langu liko wapi?"

"Kwani lina miguu? Halijaenda mbali."

Nikauliza katambuga zangu za tairi. Ukasema umemwazima jirani mwingine tangu jana. Miaka hii yote nimekuwa nikijiuliza kama jirani yule aliziomba au ulimpelekea. Kwenda pekupeku nako haikuwezekana, kwa sababu njia ya kwa wazee ilikatisha shamba tulilovuna wiki ile, na mabua ya ngano yalikuwa yanachoma kama misumari. Nani aliyeyakata mafupi vile? Mimi mwenyewe na kombaini yangu.

Ukaniwekea uji mbele yangu. "Kunywa kwanza. Halafu uombe. Ukimaliza kuomba na bado unataka kulaani, buti nitakupa."

Nikaunywa ule uji moto hivyo hivyo, ukaniunguza ulimi. Nikafumba macho ili nimalize upesi. Nikaenda vizuri na Baba Yetu mpaka pale tunapoomba kusamehewa kama nasi tunavyosamehe, nikakwama. Nikarudia tangu mwanzo, nikakwama pale pale. Nawe ukasema taratibu, "Bwana aliwazuia watumishi wake wasing'oe magugu kabla ya mavuno, wasije wakang'oa na ngano. Wewe unashinda kwenye ngano, hilo hulijui?" Ukaendelea kutikisa kibuyu. Jua likapanda, saa ya wazee ikapita.

Ndipo tukasikia hodi. Alikuwa Gidamis, amechoka, shuka lake lina damu iliyokauka.

Ng'ombe wetu alikuwa ameingia kwenye ngano ambayo haijavunwa. Gidamis akaitambua alama yetu ya sikioni, akamtoa kabla askari wa shamba hawajamkamata, akampeleka kwake. Huko uchungu ukamshika, na ndama alikuja vibaya, ametanguliza miguu ya nyuma. "Sikuweza kumwacha nije kuwaambia," alisema. "Njooni mumchukue. Ndama ni jike."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mtu aliyekesha akiokoa mali yangu ndiye niliyetaka watoto wake wateketee! Gidamis akanitazama miguuni.

"Mbona umevaa kiatu kimoja?"

Ukamjibu kabla sijafungua mdomo, "Alikuwa anakungoja wewe."

Mwezi mzima nilimkwepa yule bwana kabla sijapata moyo wa kumwambia ukweli. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba maziwa, tukanywa chombo kimoja, na hakulitaja jambo lile tena hadi alipohamia mbali.

Mke wangu, nimewasikia wahubiri wengi wakituonya juu ya ulevi na uzinzi, nao wanasema kweli. Lakini mimi ibilisi hakunijia na chupa. Alinijia na haki yangu mkononi, akaniambia, "Wahi!" Kila nilipomtangulia Mungu nilijiona shujaa. Hata ile khanga yako iliyoandikwa kwamba haraka haraka haina baraka, niliinunua mwenyewe, nikakuona umeivaa miaka, na sikuwahi kuyasoma maneno yake. Asante kwa kunisomea kwa vitendo.

Sikupona kabisa, nisikudanganye. Siku tuliyokuzika nilimfokea mwinjilisti mbele ya watu kwa kuchelewa, kumbe tairi lilipasuka akaisukuma baiskeli kilima chote ili awahi kukuombea. Nilikwenda kumwomba radhi kabla ya arobaini. Zamani ningengoja yeye aanze.

Sasa nikuambie habari ya debe. Asubuhi hii Paskali wetu amekuja amefura. Kuna neno amelisikia mnadani juu ya mkewe, amelisikia kwa mtu mmoja, mara moja. Anataka kumrudisha kwao leo hii hii, na yule binti amekaa uani amemshika mtoto, hana hata nguvu ya kujitetea. Nilimwangalia mwanao nikajiona mwenyewe, mpaka mshipa wa shingo ni ule ule. Viatu alikuwa amevivua mlangoni kwa ajili ya matope.

Ameshauliza mara tatu, "Baba, hujaona kiatu changu?" Nimemwambia anywe uji, kisha aombe, na asinisumbue, ninamwandikia mama yake. Sasa hivi yuko sebuleni. Alianza kwa sauti ya kukimbia, nami nimemsikia akikwama. Unajua mwenyewe ni wapi.

Mkwe wako aliniona nilipokificha. Ameingia sasa hivi kuniongezea chai, akaliangalia debe, akatabasamu.

Pumzika, mama. Sitainuka hapa mpaka amalize.

Mumeo uliyemngojesha akapona,
Baba Paskali