Fundi Haji, Nimeiona Kuba Yenyewe

Fundi Haji, shikamoo.

Najua hutaitika, lakini kwa miaka minne nilikuamkia kila asubuhi kabla sijagusa ndoo ya maji, na siwezi kuanza kuongea na wewe bila hiyo. Ni mimi Tatu. Leo Ijumaa, karakana imefungwa. Niko chumbani Satwa, hapa hapa Dubai, mwenzangu ametoka kwenda kufua, kwa hiyo nina utulivu kidogo.

Karakana bado iko kule kule Jebel Ali, na vumbi bado linaingia kwa chini ya mlango. Meza yako anaitumia Okello, yule Mganda. Ameiinua miguu kwa matofali kwa sababu ya urefu wake, na hachoki kuuliza mgongo wako uliwezaje meza fupi namna ile. Arbab, bosi wetu yule yule, amenunua mashine ya kukorogea jasi. Ungeichukia. Inakoroga haraka na kuacha mapovu, kisha tunakaa kuyaziba kwa vidole.

Lakini sikuketi kukuandikia habari za mashine. Nimekwenda Italia, Fundi. Nimeuona ule uwanja.

Unazikumbuka picha alizobandika ukutani madam Paola, mchoraji wa ile hoteli ya Marina? Kasri la wafalme, makanisa na makumbusho, vyote vimeuzunguka uwanja mmoja katikati ya mji wa Torino. Hoteli ilitaka ukumbi wake ufanane na majumba yale. Ulisimama mbele ya picha na kikombe chako cha chai ya rangi mpaka chai ikapoa, kisha ukasema, "Tatu, hawa watu walikuwa na muda." Ukarudi kazini.

Mimi niliingia pale kufagia na kupika chai. Wewe ndiye uliyeniona siku moja nikiokota karatasi ya dhahabu sakafuni bila kuichana, ukaniambia, "Mkono wako mwepesi. Kesho njoo mezani." Arbab alicheka. Wewe hukucheka. Ulinifundisha kubana pumzi nikiipaka dhahabu, na kutoibembeleza jasi ikishaanza kukaza.

Sasa niseme lile tulilokubaliana tusiliseme.

Ile kuba ya ukumbi wa hoteli, tuliyoiiga kutoka kanisa moja la kwenye picha zile, ilikuwa na mbavu nane zinazopishana kama ukili mpaka zinatoa nyota. Macho yako yalikuwa yameanza kuchoka, kwa hiyo kuhamisha mchoro kwenda sakafuni, kwa uzi na chaki, ilikuwa kazi yangu. Niliifanya nikiwa na haraka. Tulipoziinua mbavu, saba zilikaa. Ya nane ikakataa, ikabaki nje kwa upana wa kiganja. Kazi ya wiki sita.

Arbab akaja. "Yalla, nani alipima?"

Nilitazama sakafuni nikaiona alama yangu, imesogea. Na wewe uliiona. Nilikuona ukiiona. Kisha ukasema, "Mimi, arbab."

"Khalas, Haji," akasema mbele ya watu wote. "Umezeeka."

Kuba akapewa mtu mwingine, wewe ukapelekwa kutengeneza mikanda ya kona za dari, kazi wanayopewa wanaoanza. Jioni kwenye treni nilikuuliza kwa nini. Ulisema, "Viza yako ya fundi bado mbichi. Mimi angeniona mzee tu, wewe angekurudisha kwenu." Nikaanza kulia, ukaninyamazisha kwa upole, "Mwanangu, yamekwisha. Tusiliongee tena." Nikatii. Nilitii upesi mno, Fundi. Nilifurahi kuambiwa ninyamaze.

Baada ya miezi mitano ulianguka mchana, kwenye bomba, ukinawa mikono. Okello ndiye aliyekushika. Mimi nilikuwa Marina napaka dhahabu kwenye kuba ile ile. Nilipofika hospitali walikuwa wameshakufunika. Nilitaka kukwambia jambo, nikaliambia shuka.

Mzanzibari mwenzako alisindikiza jeneza hadi Unguja. Aliporudi alitusimulia mazishi, watu walivyojaa. Kisha akasema, kama mtu anayesimulia hali ya hewa, kwamba matangani watu waliuliza ilikuwaje fundi wa miaka yote ile amalizie kwenye mikanda, na mmoja akajibu kuwa aliharibu kuba ya watu. Mwanao Mwanaisha alikuwepo, anapita na sinia. Alisikia.

Nililijua hilo nikakaa nalo mwaka mzima.

Ndipo hoteli ikataka ukumbi wa pili, na madam Paola akamwomba arbab mtu wa dhahabu, akauone uwanja wenyewe kwa siku nne. Arbab akanitoa mimi. Nilikwenda na koti la kuazima.

Nikueleze, kwa sababu ulistahili kwenda wewe. Katikati ya uwanja kuna jumba lenye nyuso mbili. Mbele ni madirisha marefu na nguzo nyeupe, utadhani limejengwa kwa ajili ya harusi. Ukizunguka nyuma unakuta ngome ya matofali, minara imekauka, haina hata ua moja. Ni jumba hilo hilo. Pembeni kuna makumbusho ya silaha ambamo farasi waliokaushwa wamesimama safu mbili wamevaa vyuma, na juu yao dari yote ni dhahabu. Nilitazama dari mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa shingo.

Kwenye kasri la wafalme tulipanda ngazi moja nzito ambayo ukiiangalia huelewi imeshikwa na nini. Madam akanionyesha nakshi juu yake. Ni mkasi, Fundi. Mkasi unakata ulimi. Akasema inasimuliwa kuwa watu walimsema sana mjenzi, kwamba ngazi itaanguka, naye alipomaliza akawachongea ule mkasi. Madam alicheka. Mimi nilisimama pale nikikuwaza wewe unasemwa matangani, huna mkasi, huna mdomo, na mwenye kujua ukweli amenyamaza na anapewa tiketi za ndege.

Kanisa lenyewe ungelipita usilijue. Kwa nje ni kama nyumba ya mtu tu, madirisha ya kawaida, hakuna mnara mbele. Ukiingia ndani ukainua macho, iko pale. Mbavu zote nane. Katikati zimeacha uwazi wa pande nane, na mwanga unashuka kutoka humo. Nilikaa kwenye benchi nikazifuata moja moja kwa kidole, kama tulivyozifuata kwenye karatasi. Mkono wako ulikuwa sahihi, mzingo wa mbavu zako, unene wake, vyote. Kosa lilikuwa alama moja ya chaki.

Madam alikaa kando yangu. Akasema, kwa nia njema kabisa, "Pole kwa yule mzee wenu. Nadhani mchoro ulimshinda."

Nikasema, "Hapana, madam. Mchoro aliujua. Aliyekosea ni mimi. Alinifichia."

Akanigeukia. Kisha akaniuliza arbab anajua? Nikasema hajui. Akasema, "Basi utamwambia wewe, siyo mimi."

Nilimwambia siku niliyorudi, kabla sijavua hata koti. Alikunywa kahawa yake mpaka ikaisha, ndipo akasema, "Haji alinidanganya usoni." Akakisukuma kikombe kando. "Sasa nimfanye nini? Kaburini simfuati." Akatoka akawaita wote, akaniambia nirudie mbele yao. Okello alizima mashine ili nisikike. Nilirudia. Sikuruka kitu.

Arbab alinitoa kwenye dhahabu, akanirudisha kuosha kalibu za kumiminia jasi kwa miezi mitatu. Sikulalamika. Nimemaliza wiki iliyopita.

Lililokuwa gumu ni Unguja. Nilimpigia Mwanaisha. Nilijieleza mimi ni nani, nikamweleza yote, alama, mbavu, swali la arbab na jibu lako. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwaka mzima. Mwaka mzima sisi tunainamisha macho dukani, na wewe unajua." Nikasema ndiyo. Akasema, "Mama yangu ameacha kwenda kwenye shughuli za watu kwa ajili ya neno lile." Nikasema nisamehe. Akasema, "Hilo usiniombe leo," akakata.

Sikumpigia tena. Nilimwona ana haki. Lakini juzi kaniletea ujumbe, hauna salamu, maneno manne tu: "Nitumie picha ya kuba." Nikapanda treni hadi Marina siku yangu ya mapumziko, mlinzi wa hoteli akanikubalia niingie dakika tano kabla wageni hawajajaa. Nikapiga picha nikiwa nimelala chali sakafuni, watu wakinishangaa. Nilimwandikia kuwa zile mbavu saba za mwanzo hawakuzibomoa. Ni zako. Yule mwingine alitengeneza moja tu. Hilo nadhani hata wewe hukuambiwa.

Ameisoma. Hajajibu bado.

Nakukumbuka, Fundi. Nakukumbuka zaidi mchana, saa ya kula, ulivyokuwa ukinimegea mkate kabla hujajimegea mwenyewe, halafu unaniambia ngisi wa Dubai ni wa kutafuna siku mbili. Hakuna anayenikosoa Kitanga changu siku hizi. Wote wanaona naongea sawa.

Mwezi ujao napata likizo. Tiketi nimeiomba ya Unguja kwanza, Tanga baadaye. Mwanaisha hajanikaribisha, na huenda nikaishia mlangoni. Nitasimama hapo hapo mlangoni. Nitamwomba mama yake awaite jirani waliokuwepo matangani, wale waliouliza na yule aliyejibu, nami nitawaambia nani aliharibu kuba. Nikitoka hapo nitakuja kwako, nikusomee Fatiha kwa sauti yangu.

Pumzika, Fundi wangu. Mungu akunyooshee ulipo. Nakuahidi hili sitalinong'ona. Nitaanza kwa kutaja jina langu.

Mwanao wa kazi,
Tatu