Mama Mkwe Ananakili Daftari la Mwanangu, na Sijui Anampelekea Nani

Mpendwa Bi Orpha, naomba msaada wako kabla sijachanganyikiwa, na majina yote humu nimeyabadilisha kwa sababu mji wetu wa huku milimani ni mdogo na maneno hayakai. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Tamsin, ana miaka tisa, na mwaka jana nilimtoa shule ya serikali baada ya mwalimu wake kuniita na kuniambia ati mtoto yuko nyuma kwenye kusoma, inabidi atolewe darasani kila asubuhi akafundishwe pembeni pamoja na wenzake watatu, nami nikaona huko ni kumtia aibu mwanangu, nikarudi nyumbani nikatia sahihi ule mkataba wa fedha za elimu za jimbo, ambao kwa huo jimbo letu la Arizona linakupa fungu la mtoto wako ununue vitabu umfundishe mwenyewe nyumbani, na wewe unaahidi hutamrudisha shule ya serikali muda wote unapozitumia.

Mtaala niliununua kwa ushauri wa Deanne, anayeongoza kikundi chetu cha Jumatano pale ukumbi wa kanisa, na ni mtaala mzuri, unakuja ndani ya sanduku moja, vitabu vya kusoma, madaftari ya mazoezi na kitabu cha majibu cha mzazi, na Tamsin tangu Agosti amejaza madaftari manne, anakaa mezani peke yake bila kusukumwa, na hakosi swali hata moja, Bi Orpha, hata moja, mimi kazi yangu ni kupita na kutia tiki huku naendelea na kushona.

Hapo kwenye kushona ndipo penye mzigo wangu, na ninaomba usinihukumu haraka. Kwetu kila mtu anajua kwamba ofisi ya jimbo hailipii kifaa ambacho hakikutajwa kwenye mtaala, kwa hiyo kina mama huketi jikoni na kuuandika mtaala wenyewe, Deanne aliandika "Fizikia ya Bembea" akapata bembea ya watu sita, na mimi nikaandika kurasa tatu nikaziita "Jiometri na Historia ya Wahamiaji kwa Njia ya Blanketi la Viraka", ikaja cherehani kubwa ambayo imejaza nusu ya sebule, na Tamsin ameigusa mara mbili. Wale kina mama wa kikundi wanaofundisha kwa pesa zao, wasiotaka senti ya serikali, siku hizi wanakaa upande wao wa ukumbi na nikipita wananyamaza.

Sasa mama mkwe. Nedra alifundisha darasa la pili miaka thelathini na moja katika shule ileile niliyomtoa Tamsin. Siku nilipomweleza uamuzi wangu alikuwa anakanda unga wa mikate, akaniuliza neno moja tu.

"Na nani atamsikiliza akisoma?"

"Mimi, Mama. Kwani mimi sijui kusoma?"

"Sijasema hujui, mwanangu," akasema, akaendelea kukanda, na tangu siku hiyo hakusema tena lolote, jambo ambalo si kawaida yake, kwa hiyo nikajua ana lake rohoni.

Tamsin alikuwa akienda kwake kila Alhamisi mchana. Mwezi wa pili nilifungua gari la Nedra kuchukua bakuli langu la kuokea viazi, nikakuta chini ya kiti faili, na ndani yake nakala za kurasa za daftari la mwanangu, zimeandikwa tarehe kwa kalamu nyekundu, na kila ukurasa umebanwa pamoja na karatasi nyingine yenye mwandiko uliopinda-pinda nisioujua, maneno yamezungushiwa duara, na damu ikanipanda kichwani, kwa sababu wiki hiyohiyo ofisi ya jimbo ilikuwa imenitumia barua pepe kutaka maelezo zaidi kuhusu cherehani. Mambo mawili wiki moja, Bi Orpha, mtu mwenye akili timamu atasema ni bahati mbaya?

Nilimpigia Deanne. "Shoga, unajengewa kesi," akaniambia. "Hawa walimu wastaafu ndio wanaopiga simu kule ofisini. Wanaona tumewaibia watoto. Usimwambie kitu, na mtoto asiende tena."

Mume wangu, Layton, alicheka. "Mama? Mama hajui hata ofisi hiyo iko wapi. Si umuulize tu?"

"Nimuulize ili afiche ushahidi?"

"Ushahidi wa nini, mke wangu?" akasema, akaniangalia hivi, halafu akaiangalia cherehani, nami tangu hapo na yeye simwamini sana.

Nikamweka Tamsin chini nikamuuliza wanafanya nini kwa bibi yake.

"Tunaoka mikate."

"Na kingine?"

Akavuta mkono wa sweta mpaka ukafunika vidole. "Bibi alitaka kukwambia. Mimi ndiye nimemwomba asiseme." Halafu akalia, na nilipombana zaidi akakimbilia chumbani kwake.

Basi nikamkataza kwenda, wiki ya tatu hii. Alhamisi iliyopita Nedra alikuja mwenyewe, theluji inaanguka, akasimama barazani. Sikumkaribisha ndani, na niseme ukweli, hilo limeniuma.

"Nimekosa nini, mwanangu?"

"Hujakosa kitu, Mama. Tamsin ana mafua."

"Mafua ya wiki tatu," akasema. Akatoa mfukoni pakiti ya kadi zilizofungwa kwa mpira. "Basi mpe hizi. Mwambie asirudi nyuma."

Sikumpa. Nimezihifadhi kama ushahidi, ni kadi za herufi mbilimbili na maneno mafupi, zina namba nyuma, na nimejaribu sana kujua hizo namba ni za nini. Naomba uniambie, nimkabili mbele ya mume wangu, au nimpelekee barua kupitia kwa mwanasheria?

Ni mimi,
Ninayechunguzwa

*

Unayechunguzwa,

Pole. Nasema pole kwa moyo, maana kuishi ukimwogopa bibi wa mwanao ni adhabu, na umejipa mwenyewe.

Tuanze na cherehani, kwani ndiyo inayokuonyesha wapelelezi kila kona. Ofisi ya jimbo inauliza kuhusu cherehani inayojaza nusu ya sebule kwa sababu inajaza nusu ya sebule. Hakuhitajika mtu wa kuchongea. Uliandika kurasa tatu za uongo wenye kichwa kizuri, na unajua ni uongo, ndiyo maana umehesabu mara ambazo mtoto ameigusa. Waandikie wiki hii, kabla hawajakuandikia tena. Sema hukuitumia kumfundishia mtoto, uliza namna ya kuirudisha. Itakuuma na itakwisha. Na huyo Deanne usimshirikishe. Mwenye bembea ya watu sita ana sababu zake za kutaka mchongezi awe bibi kizee wa watu.

Hao wanaokaa upande wa pili wa ukumbi waache wakae.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, ambalo umelipitia mbio ukielekea kwa mama mkwe. Mwalimu alikwambia mtoto hasomi vizuri. Ukamtoa. Tangu hapo anakaa peke yake mezani, anajaza daftari baada ya daftari, hakosi swali hata moja, na kitabu cha majibu kiko ndani ya sanduku hilohilo. Bibi wewe, umemshuku mwalimu, umeishuku ofisi, umemshuku mama mkwe na mpaka mume aliyekuambia neno la maana. Tiki zako mwenyewe hukuzishuku hata siku moja.

Ule mwandiko uliopinda usioujua, mimi naudhania ni wa Tamsin. Ndivyo anavyoandika asipokuwa na pa kunakili. Nedra, kwa macho ya miaka thelathini na moja, aliona daftari lisilo na kosa na mtoto anayekwama kwenye neno la herufi nne, akaziweka karatasi mbili pamoja, akaelewa. Namba za nyuma ya kadi ni mpangilio wa masomo, la kwanza, la pili, la tatu. Mwalimu yeyote wa darasa la pili angekwambia hivyo, ila walimu ndio usiotaka kuwasikia. Na wakati wewe unatafuta siri kwenye kadi, mtoto amekaa wiki tatu bila somo.

Huenda nimekosea. Sikuwamo kwenye gari lile. Ndiyo maana sikuagizi uniamini, nakuagiza upime.

Nedra naye nina neno naye kama anasoma ukurasa huu. Ilikupasa useme, Nedra, hata kama mtoto alikusihi. Lakini namwelewa. Aliuliza swali lake mara moja, akajibiwa kwa namna ambayo mtu mwenye heshima zake harudii.

Wala mtu asije akaniandikia ati nachukia masomo ya nyumbani. Nina wajukuu watatu wanaosomea mezani kwao kwa fedha hizohizo za jimbo, na wananishinda hesabu. Mama yao huketi nao. Huo mkataba ulioutia sahihi unataja masomo matano ambayo mtoto lazima afundishwe, na la kwanza kwenye orodha ni kusoma. Mtaala umenunuliwa, sawa. Kufundisha hakuji ndani ya sanduku.

Mwanasheria mwache. Fanya hivi.

Kesho asubuhi, zima cherehani. Chukua kitu ambacho Tamsin hajawahi kukiona, hata gazeti hili, ukurasa wa mnada wa ng'ombe. Mkae wawili, bega kwa bega, mwambie akusomee mistari mitatu kwa sauti. Usimtajie neno, usivute pumzi kwa nguvu, usiangalie saa. Akisoma bila taabu, niandikie unitukane, nami nitachapisha matusi yako yote hapahapa.

Akishindwa, usilie mbele yake. Mtoto huyu ameficha jambo hili tangu Agosti, na kitu anachokiogopa ni uso wako. Mwambie maneno haya, na uyaseme mpaka mwisho: "Hukufanya kosa. Mimi ndiye sikukusikiliza." Kisha mvalishe koti, mpe kadi zake azishike mwenyewe, mwende kwa bibi yake, hata kama si Alhamisi.

Itabidi umwombe samahani pale mlangoni, na usitegemee atakupa papo hapo, kwa sababu ulimwacha kwenye theluji. Sema uliyonayo kwa ufupi. Akikaa kimya, kaa kimya nawe. Akifungua mlango, mwache mtoto aingie kwanza.

Bi Orpha