Tanga Dogo la Mbele

Shanwe, Mpanda

Baba Laurence,

Hapa nyumbani tuko wazima, ila Laurence ameng'oka jino na anataka akuonyeshe pengo.

Uliniuliza nikushonee tanga gani la mbele la hiyo boti yako huko Karema. Nimeshona dogo. Kubwa linavuta vizuri upepo ukiwa mdogo, lakini ziwa likichafuka itabidi utambae hadi mbele ulishushe, na wewe uko peke yako. Kaka yako Siméon alikuwa anatambaa hivyohivyo, wimbi likamchukua.

Kitambaa cha tanga kubwa nimekiweka chini ya cherehani. Nitakishona ukija.

Na usiniandikie tena kwamba unakuja ejo. Kwa Kirundi chetu ejo ni kesho, na ni jana pia. Niandikie kwa Kiswahili.

Mkeo,
Emelyne