Mrija wa Baba

Kitale, 8 Machi 1991

Dada yangu Nekesa,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto hapo Bungoma. Je, mguu umepona? Mimi ni mzima.

Jana nimeenda mahali. Kuna kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, hukutana Alhamisi jioni nyuma ya kanisa. Tangazo lilikuwa ukutani pale zahanati. Nilikuwa nikilipita haraka, watu wasinione nikilisoma.

Nikaingia mlango usio wenyewe. Walikuwa akina mama wa kwaya! Mmoja akaniuliza, "Wewe ni besi?" Nikaona aibu kutoka, nikaimba nao wimbo mzima. Ndipo mzee mmoja, Kagwe, akachungulia dirishani akasema, "Huyo ni wetu, mama. Mtuletee." Alinijuaje, sijui. Labda ni macho.

Kikundini nilikaa karibu na mlango. Nilimkumbuka marehemu mke wangu Jelimo tu. Nilikuwa nikirudi nimelewa, anavigeuza viatu vyangu vitazame mlango, ili asubuhi nivivae niende kazini bila kutafuta. Tangu atuache viatu vyangu hutazama kila upande.

Naogopa, dada. Usimwambie mtu.

Ni mimi ndugu yako,
Sikuku


Kanduyi, Bungoma, 2 Aprili 1991

Ndugu yangu Sikuku,

Hatujambo, mguu umepona. Barua yako niliisoma jikoni nikalia, watoto wakafikiri ni moshi. Endelea kwenda huko. Hata ukiimba na akina mama, wewe enda tu.

Baba mdogo alikuja kutoka Matulo. Anasema Desemba, mahindi yakishaingia ghalani, tutafanya kumbukumbu ya baba. Pombe ya busaa itapikwa, chifu ataombwa ruhusa. Na wewe ndiye kifungua mimba. Utapewa mrija wa baba wa kunywea, uvute pombe wa kwanza, ndipo wazee wengine waguse chungu.

Nilimmiminia chai tu. Siri yako sikuitoa.

Dada yako,
Nekesa


Kitale, 20 Oktoba 1991

Dada Nekesa,

Natumaini nyote mko salama. Nisamehe kwa kukaa kimya. Sijaonja tangu ile Alhamisi, lakini Desemba naiogopa.

Nauona ule mrija hata nikifumba macho. Unakumbuka baba alivyouosha kwa maji ya moto, akiupulizia sikioni mwako ucheke? Kisha anaurudisha juu ya dari, na hakuna mtoto wa kuugusa. Nilitamani siku moja uwe wangu. Sasa nikivuta mara moja tu, nimekwisha. Mzee Kagwe anasema yeye alirudi kwenye pombe kwa kikombe kimoja cha harusini, na alipoamka alikuwa hana kazi wala mke.

Mwambie baba mdogo sitakuja.

Ndugu yako,
Sikuku


Kanduyi, 11 Novemba 1991

Ndugu yangu,

Tunaendelea vizuri, sijui wewe. Nilimwambia. Alicheka kwanza: "Ati haji? Huko Kitale wamemfanya padre?" Kisha akaacha kucheka. Akasema mtoto akikataa mrija wa baba yake mbele ya ukoo, amemzika mara ya pili. Chungu hakitafunguliwa, na wageni watarudi hivyo hivyo.

Sikuku, mimi ni mwanamke, siwezi kuvuta kwa niaba yako. Tafadhali njoo. Gusa tu kwa mdomo. Nani atajua?

Nakuomba,
Nekesa


Kanduyi, 6 Januari 1992

Sikuku,

Ulifika salama? Uliondoka alfajiri bila kuniaga, chai yako ikapoa mezani.

Siku ya kumbukumbu nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni. Nilikuona ukipiga magoti mbele ya chungu. Nikajiambia utagusa tu. Lakini niliona mashavu yako yakiingia ndani, ndugu yangu, na mishipa ya shingo ikisimama. Baba mdogo akapiga makofi, "Anavuta kama baba yake!" Wote wakacheka kwa furaha. Mimi niliingia ndani nikakaa juu ya gunia.

Ni mimi niliyekuita. Niandikie hata neno moja.

Nekesa


Kanduyi, 3 Februari 1992

Ndugu yangu, bado hujajibu. Jirani yangu alikuwa Kitale, anasema nyumba yako ilikuwa imefungwa. Je, uko hai?

Dada yako


Kitale, 21 Februari 1992

Dada yangu mpendwa Nekesa,

Niko hai. Nyumba ilikuwa imefungwa kwa sababu nilikuwa nikilala kwa mzee Kagwe. Niliogopa kukaa peke yangu.

Sikunywa. Wakati ule nilipoomba maji ya moto nikauoshe mwenyewe mrija wa baba, niliyeyusha mshumaa nyuma ya jikoni nikauziba ndani, mahali jicho halifiki. Nilikuja na huo mshumaa mfukoni kutoka Kitale. Nilipanga kujifanya tu.

Lakini nilipopiga magoti, ile harufu ilinijia usoni. Ulichokiona ni kweli. Nilivuta, dada, nilivuta kwa nguvu zangu zote ile nta ing'oke. Nilikuwa nikiiomba ing'oke. Ilishika. Ndiyo maana sikuweza kukuaga: ungeniuliza, na ningejibu nini? Mdomo haukunywa, lakini mimi mwenyewe nilitaka.

Nilipoyasema haya kikundini hakuna aliyecheka. Mzee Kagwe alisema tu, "Rudi Alhamisi." Mrija niliokuja nao ameuweka kwake. Juzi nimerudi kulala nyumbani kwangu. Lakini najua njia ya kwake, na najua kwamba sindano moja inatosha kuizibua ile nta.

Jana usiku nilivua viatu nikavigeuza vitazame mlango, kama Jelimo.

Usijilaumu. Wasalimie watoto. Na Alhamisi, jua likianza kushuka, hata kama mikono yako iko kwenye unga, unikumbuke.

Ndugu yako,
Sikuku