Mikono ya Mkwe Wangu Juu ya Longonot

Migosi, Jumapili, Agosti 1991

Eti volkano hai! Tumetoka Kisumu mpaka Longonot kuangalia vimoshi viwili, vyembamba kuliko vya jiko la mke wangu. Askari wa mbuga akasema, "Mzee, mlima huu umelala tu, siku moja utaamka." Nikamwambia, "Ukiamka, uambie nilipita."

Lakini aliyeniudhi ni mkwe wangu Ochieng, mwalimu mzima, aliyetupeleka. Ukingoni mwa shimo mke wangu, Mama Atieno, aliteleza, changarawe zikaanza kumvuta chini. Mimi nilikuwa nyuma, nahema kama trekta ya miwa ya Muhoroni. Ochieng alikuwa hatua moja tu kutoka kwake. Akaweka mikono nyuma, akageuza uso, akasema, "Pole, mama." Mzungu mmoja wa kaptula ndiye aliyemdaka.

Njiani nikamsimanga: "Wewe ni mkwe au mti wa simu?"

Akajibu taratibu, "Baba, siku ya mahari ulisema nisimguse mama mkwe hata nyumba ikiungua."

Kweli, nilisema hivyo. Tena nikiwa nimesimama, wazee wakapiga makofi.

Goti la mke wangu limevimba. Ningempoteza kwa hotuba yangu mwenyewe.

Kesho nitamwambia Ochieng amri ile imekufa. Sijui nitaanzaje bila yeye kunicheka.