Alama ya Baba Mguuni mwa Bata

Tấn, mdogo wangu,

Mama hajambo, na mpunga tumeshavuna. Salamu ndizo hizo tu.

Jumatatu niliona kifaranga wa bata aliyekufa akielea mferejini. Utando wa mguu wake wa kulia ulikuwa umekatwa pembeni, alama ya baba ya kutambulisha bata wetu, nikajua ni wangu. Nikambeba hadi bandani ili nimzike, maana baba alitukataza kutupa mizoga majini.

Kufikia Alhamisi vifaranga wangu wote walikuwa wamekufa, vichwa vimepinda hadi mgongoni. Daktari wa mifugo alimpasua mmoja, ini limejaa madoa ya damu.

"Ni virusi, dada. Nani alikufa kwanza?"

Nikamweleza. Akauliza, "Una hakika yule alikuwa wako?"

Tấn, alama hiyo tunayo wawili tu, na maji ya mfereji yanatokea kwako. Wako walikufa, ukawatupa, ukanyamaza! Simu huna? Mdomo huna?

Mama anauliza mbona huji. Nimemwambia una kazi nyingi.

Mwakani tafuta alama yako mwenyewe. Nikiokota mzoga tena, nataka nijue si wa ndugu yangu.

Dada yako, upende usipende,
Lụa